Bwana Mifugo Anajibu: Kitumbua yuko kwenye ndoo, mimi nalala bafuni

Shikamoo Bwana Mifugo,

Najua watu wanakuandikia habari za mbuzi na kuku waliowaacha nyumbani. Yangu ni ya ajabu kidogo, usinicheke.

Naishi Houston, Texas, na mume wangu na kijana wetu wa miaka 13. Miaka miwili iliyopita mtoto alituganda tumnunulie aksolotli. Alimwona kwenye mchezo wa Minecraft, akaapa atamhudumia mwenyewe. Tukamnunua. Mweupe, macho madogo meusi, na vishada vyekundu pembeni mwa kichwa kama manyoya ya kuku. Mtoto akamwita Kitumbua. Duka likatuuzia na tangi la lita 38 na changarawe za rangi za kutandika chini. Mwaka wa kwanza alimpenda kweli. Wa pili simu ikashinda.

Mwezi wa sita mama yangu alifariki Morogoro. Niliondoka usiku uleule, nikakaa mpaka arobaini. Mume wangu ni dereva wa malori, anaweza kumaliza siku kumi njiani. Mtoto nilimwacha kwa rafiki yangu upande wa pili wa mji, akawa anapita nyumbani mara moja kwa wiki, pengine mara mbili, anamwaga chakula na kuondoka. AC niliiweka 82 ili bili isinitoe roho. Nilijiambia hakuna mtu ndani.

Niliporudi harufu ilinipokea mlangoni. Maji yalikuwa ya njano, mazito, na vidonge vya chakula vimeota ukungu juu ya changarawe. Kitumbua alikuwa anaelea kiubavu, ncha ya mkia imejikunja kama ndoano. Vile vishada vimekwisha, vimebaki vijiti, na kwenye kimoja kuna kitu cheupe kama pamba. Amekonda mpaka kichwa kimekuwa kipana kuliko kiwiliwili.

Nikafanya usafi. Nilimwaga maji yote, nikasugua tangi na sponji ya chujio kwa maji ya moto na sabuni, nikajaza maji ya bomba, nikamrudisha. Siku ya pili alikuwa na hali mbaya zaidi, tumbo limepiga wekundu. Sasa yuko kwenye ndoo bafuni na mimi nalala mlangoni kama mlinzi.

Mwenzangu kazini (nahudumia wazee, zamu ya usiku) anasema nimweke kwenye friji. Mwingine anasema chumvi. Mume wangu kwenye simu anasema nikamwachie kwenye bayou, kile kijito cha maji ya polepole nyuma ya nyumba, akajitafutie. Wifi yangu wa Morogoro alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaniuliza hivi kumbe hela zipo. Na mwanangu hataki hata kuingia bafuni.

Bwana Mifugo, mama yangu aliugua wiki tatu, mimi niko huku naogesha wazazi wa watu. Yeye sikumwogesha. Labda ndiyo maana huyu siwezi kumtupa. Nifanye nini?

Mama Kitumbua, Houston

---

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba. Mungu amlaze mama mahali pema.

Wasomaji wangu, barua hii iliingia Jumanne asubuhi, na mgonjwa wa namna hii hasubiri safu itoke. Nilimwomba namba, tukazungumza siku hiyohiyo, na tumezungumza karibu kila siku kwa wiki saba. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na nilipomkosesha, maana nilimkosesha.

Kwanza huyu ni nani, kwa ajili yenu mlioko Muheza na Bukavu mtakaouliza mdudu gani huyo. Aksolotli ni salamanda wa Meksiko, ndugu wa mbali wa chura. Kiluwiluwi wa chura huota miguu, mkia ukaisha, akatoka majini. Huyu miguu anaota, lakini hatoki. Matamvua, vile vishada vyekundu vya kupumulia, yanabaki nje ya kichwa maisha yake yote, na anazaa na kuzeeka akiwa bado kiluwiluwi. Kwao ni Xochimilco, kusini mwa Mexico City, kwenye mifereji iliyo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njombe mjini hapafiki kimo hicho, na baridi ya Njombe mnaijua. Lishikeni hilo la baridi, kesi yote iko hapo. Huko kwao wanakwisha: hesabu ya 1998 ilipata kama 6,000 kwa kilomita ya mraba, ya 2014 ikapata 36. Waliojaa kwenye vyumba vya watoto duniani ni wa kufugwa, na ukoo wao kwa sehemu kubwa unarudi kwenye kundi la 34 lililosafirishwa kwenda Paris 1864.

Miaka yote niliyokuwa Muheza nikichanja kuku dhidi ya kideri, sikumjua. Nilimjulia huku Ohio, mjukuu wangu alipomleta kwenye kikopo cha plastiki. Wa kwanza nilimuua ndani ya mwezi mmoja kwa kosa lilelile lako, mwanangu. La sabuni.

Nilielezwa baadaye, na mimi nakueleza. Mnyama wa majini anakojoa anamokaa, na taka yake ni amonia, inayotoka hata kupitia matamvua. Mtoni maji yanaichukua. Kwenye tangi haiendi kokote. Kinachomwokoa ni bakteria wasioonekana wanaoishi kwenye sponji ya chujio na juu ya vitu vya tangini: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo anaivumilia. Ni kama mtindi. Kibuyu kina kianzio chake, na mama yeyote anajua ukikikwangua kibuyu kwa maji ya moto kesho hupati mtindi, unapata maziwa yaliyooza. Wewe ulikwangua kibuyu. Chafu ile ya njano ilikuwa inamuumiza, ni kweli, lakini ndani ya sponji ile ile walikuwamo waliobaki kumtetea. Ukawaua, ukamrudisha kwenye maji ya bomba yenye dawa, na changarawe iliyobaki na uozo chini yake. Siku mbili tu baada ya usafi ulinitumia picha ya kichupa cha kupimia amonia. Kilitakiwa kiwe njano. Kilikuwa kijani iliyoiva, kama jani la mpera. Wekundu wa tumbo ni ngozi iliyounguzwa.

Na juu ya yote, joto. Nyuzi 82 za huko Texas ni 28 za kwetu. Aksolotli anataka 16 hadi 18. Akifika 20 na kitu anaanza kuhangaika, akivuka 24 yuko hatarini. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, mwili wake wakati huohuo unadai hewa zaidi, na amonia ileile inakuwa kali zaidi kwenye joto. Nilikwambia kwenye simu na narudia hadharani kwa sababu wengi mtamtupia lawama kijana: hata angepita kila siku na kumlisha vizuri, AC ile peke yake ingemlaza. Mtoto aliacha uchafu. Joto tulilitegesha sisi wakubwa.

Basi Jumanne ile tulianza kwa kukataa. Friji, hapana. Wafugaji wa zamani waliitumia kwa aliyefunga choo au mwenye kuvu, nyuzi tano mpaka nane, ila kumtoa mnyama dhaifu kwenye 27 ukamtia kwenye tano ni kummalizia. Bayou, hapana kabisa. Maji yale mwezi wa saba ni supu, na mnyama wa dukani anaweza kuwaachia vyura wa pale ugonjwa wa kuvu usio wao. Mumeo alisema vile kwa uchovu wa barabara, usimhesabie. Chumvi nilisema ndiyo, na aibu yake inakuja.

Ndoo ilikuwa wazo zuri, kilichokosekana ni maji ya kutia ndani. Nilimwambia atafute mabeseni mawili mapya ya lita 15, ambayo sabuni haijawahi kuyagusa. Moja lina mgonjwa, la pili linaandaliwa maji ya kesho. Kila saa 24 anahamishwa, na lile la kwanza linamwagwa lote na kusuuzwa kwa maji matupu. Lote, kwa sababu beseni halina bakteria wa kumsaidia. Wiki ya kwanza tulifanya asubuhi na jioni. Kumhamisha usimshike kwa mkono, ngozi yake ni laini kuliko utando wa yai: mzamishie kibakuli, mwongoze aingie mwenyewe, mwinue na maji yake.

Maji yatiwe dawa ya kuondoa klorini, na hapa soma kibandiko hadi mwisho. Iwe inavunja kloramini pia, kwa kuwa miji mingi ya Marekani hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kuyaacha maji yalale usiku kucha kama tulivyofundishwa. Halafu isiwe na mshubiri, alovera mnavyoiita. Wanauweka kwa ajili ya samaki, amfibia haumfai.

Bomba la Houston wakati wa kiangazi linatoa maji ya vuguvugu. Mama Kitumbua akajaza magaloni saba, akayapanga kwenye friji kando ya sufuria ya maharage, soda za mumewe zikahamia kabatini. Asubuhi anachanganya ya friji na ya bomba mpaka kipimajoto kikubali. Hatukukimbilia 18 siku ya kwanza. Tulimshusha nyuzi mbili, tukasubiri saa kadhaa, tukamshusha tena, kwa chupa ndogo ya maji yaliyoganda inayoelea pembeni, na feni ya mezani inayopuliza juu ya maji. Feni peke yake inatoa nyuzi mbili tatu. Usiku wa pili tulifika 18. Mkia ukaanza kunyooka kabla dawa yoyote haijaingia, nami nikamwambia aandike tarehe.

Kisha beseni likafunikwa taulo, kwa sababu aksolotli hana kope za kufumba na mwanga wa bafuni kwake ni adhabu. Chini ya taulo wavu, maana wana tabia ya kuruka. Kilichobaki ni kumwacha, na hilo ndilo lililomshinda mama wa watu. Kila nikipiga simu nasikia taulo linafunuliwa. "Namwangalia tu kama anapumua, Mzee." Mwanangu, anapumua. Ukimmulika tochi kila nusu saa anapumua kwa shida zaidi.

Sasa chumvi. Ile pamba nyeupe kwenye tamvua ni kuvu, na dawa ya kawaida ya kuvu ni kumwogesha kwenye maji ya chumvi: vijiko viwili vya chai kwa lita, chumvi isiyo na madini joto, dakika kumi, kwenye chombo cha pembeni, halafu anarudi kwenye maji yake. Niliagiza mara mbili kwa siku. Siku ya pili ya chumvi Mama Kitumbua akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anajirusha humo kama anachomwa, na ngozi ya vidole vya mbele inatoka kama karatasi. Nikakaa kitandani. Mwenyewe nilikuwa nimetoka kueleza kwamba ngozi ya mnyama imeunguzwa na amonia, na mwenyewe nikaagiza itiwe chumvi. Miaka thelathini ya kazi! Tuliacha saa ileile. Kwa mwenye ngozi nzima na kuvu kidogo, chumvi inafanya kazi, usivuke dakika 15. Kwa aliyeungua, msifuate alichosema Bwana Mifugo wiki ile.

Tukahamia chai. Chai nyeusi, kifuko kimoja kwa kila lita kumi za maji, ichemshwe pembeni ipoe kabisa ndipo imiminwe. Tupu: hakuna maziwa, hakuna tangawizi, hakuna iliki, na nalisema kwa sababu niliulizwa. Ukakasi wa chai unaibana ngozi kidogo na kuipunguza nguvu kuvu. Wenye maduka ya samaki wana kitu kingine cha kazi hiyo, majani makavu ya rangi ya kahawia. Mama Kitumbua alinitumia picha ya pakiti, majani kumi kwa bei ya kilo ya nyama, akiniuliza kama ni kweli au ni utapeli. Nilicheka hadi mjukuu akaja. Ni majani ya mkungu! Mkungu uleule wa uani Tanga, ambao kila asubuhi ya utoto wangu nilichapwa kwa kutofagia majani yake. Nikamwambia anunue, yanafaa, jani moja kwa beseni, maji yawe na rangi ya chai hafifu. Pamba ilianza kulegea siku ya sita, ya tisa ikadondoka.

Ila wekundu wa tumbo haukuondoka, wala kuelea. Siku ya nne nilimwambia hapa pamefika pa daktari. Nasema hili kwa wote: si kila daktari wa mbwa na paka anawajua hawa, piga simu kwanza uulize kama anatibu amfibia. Alimpeleka ndani ya kiboksi cha barafu cha kubebea soda, maji ya nyuzi 17, kiyoyozi cha gari kimefunguliwa mpaka mwisho. Picha ya eksirei ilionyesha vijiwe vitatu tumboni. Aksolotli hang'ati chakula chake, anafungua mdomo ghafla na kufyonza maji, kilicho karibu kinaingia chote. Tangu siku alipowekwa juu ya changarawe zile, hilo lilikuwa linamngoja. Chini ya aksolotli hapawekwi kitu, au unaweka mchanga mlaini kama unga.

Daktari alimpa antibiotiki ya sindano, dozi imepigwa kwa gramu za uzito wake. Najua makabati yetu. Kila nyumba ya Mswahili ina nusu dozi ya amoksilini iliyobaki kwenye kikohozi cha mwaka jana. Iacheni huko. Vijiwe, alisema, tusubiri, maji ya baridi na tumbo tupu, kama havitoki ndani ya wiki chache ndipo aangalie upya. Wiki ya pili vilitoka viwili, kimoja cha bluu, kimoja cha pinki, vikalala chini ya beseni jeupe kama shanga. Kuelea kukaisha usiku uleule. Cha tatu kilichukua mpaka wiki ya tano.

Chakula ndiyo kazi niliyoipenda. Mgonjwa aliyekonda watu wanataka kumshindilia, na hapo ndipo anapofia. Siku za kwanza hakupewa kitu. Mtu mzima wao mwenye afya anakaa wiki mbili bila kula na haoni taabu. Baada ya sindano ya mwisho tulianza na nyungunyungu, wale wakubwa wanaouzwa kwenye maduka ya wavuvi, si wale wembamba wekundu wa mboji ambao wanatoa maji machungu na wengi huwatema. Akatwe, asuuzwe, kipande kisizidi upana kati ya macho yake mawili, kishikwe kwa kibanio na kutikiswa taratibu mbele ya pua. Alikataa mara tatu. Ya nne, saa kumi alfajiri, mama ametoka zamu na bado amevaa sare, kikasikika kile kisauti kidogo cha mdomo unaofyonza. Alinipigia. Ohio ilikuwa saa kumi na moja. Mke wangu akadhani kuna msiba.

Kipande kimoja, kisha siku moja ya kupumzika. Baadaye viwili. Mabaki yatolewe mara moja, yasiachwe yaoze. Nyama ya ng'ombe na kuku hapana, samaki wadogo wa dukani wa kulishia hapana, wanakuja na magonjwa yao.

Sasa kijana. Mama yake alidhani hana moyo. Mtoto asiye na moyo angeingia bafuni kuangalia sinema. Huyu alikuwa anakwepa kuona alichofanya. Nilimwomba mama asimwambie lile neno, "umemuua", hata kwa utani, na nikaomba nizungumze naye. Nilisema Kiswahili, alijibu Kiingereza, tukaelewana. Sikumuuliza habari za Kitumbua. Nilimuuliza kama nyumbani kuna mizani ya jikoni, nikasema nahitaji mtu wa hesabu, kwa sababu mama yake akisoma mizani anaona anachotaka. Unapima bakuli na maji, unapima bakuli na maji na mnyama, unatoa. Siku ya kwanza alisoma akiwa mlangoni, mama ameshika bakuli. Gramu 61, kwa mnyama wa sentimita 22 anayepaswa kuwa mzito zaidi ya hapo. Wiki iliyofuata, 63. Wiki ya tatu alinitumia mwenyewe picha ya skrini: joto, uzito, amekula vipande vingapi, na safu ya mwisho ameiandika "mood". Wiki ya saba, 88.

Lakini, Mama Kitumbua, usimrudishie mnyama mzima mikononi mwake. Hawa wanaishi miaka 10 mpaka 15. Ukimpatia mtoto wa miaka 11, unamwahidi mpaka atakapomaliza chuo, na hakuna mtoto anayejua maana ya hapo. Mizani iwe yake, mabeseni yawe yako, na ukisafiri tena awepo mtu mzima mwenye ufunguo. Wengine mnaofikiria kununua, angalieni kwanza jimbo lenu. California, kwa mfano, hairuhusiwi kumfuga nyumbani.

Wifi hana kosa. Mtu anayehesabu panadoli akisikia mdudu amepigwa eksirei lazima aulize. Usimfiche, usimtumie picha pia. Akiuliza, mwambie tulimharibu wenyewe tukawajibika kumtengeneza, halafu umuulize habari za watoto.

La mama sina dawa yake. Baba yangu alifariki mimi nikiwa kwenye kampeni ya chanjo Handeni. Mtu alikuja na baiskeli kuniambia saa nne asubuhi. Nilichanja mpaka saa kumi na moja jioni, kuku wa kijiji kizima, kwa sababu mikono haikujua pa kwenda. Kwa hiyo lala bafuni, mwanangu, ila chukua godoro.

Limebaki tangi. Lile la lita 38 mpe mtu aoteshee mchicha. Amepata la mtumba la lita 150, chini halina kitu, bomba la plastiki lililokatwa la kujifichia, chujio la sponji lisilosukuma maji kwa nguvu. Kianzio tulikipata kwa jirani mwenye tangi lenye afya, alikamulia sponji yake humo, maji meusi ya kutisha. Kila siku kijana anatia tone la amonia na kupima. Kazi hii kwa kawaida huchukua wiki nne mpaka nane. Kitumbua ataingia siku amonia na nitriti zote zitakaposoma sifuri saa 24 baada ya kulishwa hilo tone, na nitrati iko chini ya miligramu 20 kwa lita.

Jana wamenitumia picha mbili. Ya kwanza ni kichwa cha Kitumbua kwa karibu: kwenye vile vijiti vitupu zimeota nyuzi nyekundu, fupi, laini kama ndevu za hindi bichi. Hii ndiyo sifa iliyowafanya wanasayansi wamfuatilie mpaka wakasoma jenomu yake yote, yaani maandishi yote ya urithi wake, 2018, kubwa mara kumi kuliko ya binadamu. Mguu ukikatika unarudi, matamvua yakiliwa yanarudi. Yanataka maji ya baridi na muda.

Ya pili ni kichupa cha kupimia nitriti, zambarau hafifu. 0.25. Chini yake kijana ameandika: "Babu, tunaweza kumrudisha Jumamosi? Baba mdogo anakuja na familia, wanataka bafu."

Hapana. Mpaka iwe bluu kabisa, yaani sifuri. Baba mdogo akaoge kwa jirani mwenye sponji.